Mshubiri wa Uani

Mara nyingi tumeulizwa na mama wa nyumba, na waalimu wenye bustani za shule, habari za mshubiri: wapandwaje, na majani yake yafaa kwa kazi gani? Leo twawajibu, nasi twaanza na kosa letu wenyewe.

Mtoto wetu mmoja alifunga choo siku tatu. Kwa kuwa tuliwaona wazee wakifanya hivyo, tulikata jani la mshubiri, tukakinga maji yake ya manjano katika kijiko, tukamnywesha. Usiku kucha alihara na kulia kwa msokoto wa tumbo. Kulipopambazuka macho yalikuwa yamebonyea, tukamchukua hospitali mbio. Alipona; walakini tangu siku ile hatumfundishi mtu habari za mti huu pasipo kumwonyesha kwanza vitu viwili vilivyomo katika jani moja.

Chini ya ganda mna utomvu wa manjano, mchungu mno. Huo ndio shubiri yenyewe, nao huharisha kwa nguvu. Ndani zaidi mna ute mweupe, mwangavu kama ute wa yai, nao ndio ufaao kwa ngozi. Katika Marekani, mwaka 2002, serikali iliamuru dawa za kuharisha zenye shubiri, zilizouzwa pasipo cheti cha daktari, ziondolewe madukani, kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa. Basi mama mjamzito, na anyonyeshaye, na mtoto mdogo, wasionjeshwe kabisa. Hata desturi ya kupaka shubiri titini ili kumwachisha mtoto ziwa, sisi hatuipendi.

(Wako waulizao kama hii ndiyo iliyoletwa na Nikodemo kaburini. Wengi wasema siyo, ile ilikuwa uudi, mti wa manukato.)

Kupanda si kazi. Mshubiri mkubwa huzaa watoto kando ya shina. Ng'oa mmoja pamoja na mizizi yake, uulaze kivulini siku mbili tatu hata kidonda kikauke, kisha uupande penye udongo wa mchanga usiotuama maji, au katika kopo kuukuu lililotobolewa chini. Tuliizuru shule moja ambapo watoto waliimwagilia mishubiri kila asubuhi kwa bidii kubwa, nayo yote ikaoza mizizi. Ngoja udongo ukauke kabisa ndipo utie maji tena. Wala msiende kuing'oa ile ya porini: aina ni nyingi, baadhi yake zina sumu, na katika Kenya Rais aliikataza biashara ya mishubiri ya porini mwaka 1986.

Ukitaka ute, kata jani la nje, lililonenepa, karibu na shina. Lisimamishe katika kikombe, mahali palipokatwa pakielekea chini, kwa robo saa au zaidi, hata manjano yote yachuruzike. Lioshe, ukate kingo zenye miiba, umenye ganda, kisha uuoshe ute wenyewe mara ya pili. Uponde, uuchuje kwa kitambaa safi, uutumie siku ile ile, kwa maana huharibika upesi. Wafaa kwa ngozi iliyokauka au iliyochomwa na jua. Jaribu kwanza kidogo mkononi, kwa kuwa wengine huwashwa.

Mtu akiungua na uji au mafuta, msikimbilie jani. Kwanza maji safi ya baridi yapite juu ya jeraha dakika 20. Jeraha likiwa dogo, na ngozi haikuchubuka, ndipo mpake ute. Likiwa kubwa, au la usoni, au limetoka malengelenge, msipake kitu. Lifunikeni kwa nguo safi mwende hospitali.

Na wafugaji hutia majani yaliyopondwa katika maji ya kuku wakiogopa kideri. Hatugombani nao, ila kuku wetu huchanjwa.