Majani ya Qinghao na Homa ya Malaria

Msafiri apandaye treni ya TAZARA katika stesheni ya Makambako kuelekea Dar es Salaam huteremka kwa muda wa saa chache tu kutoka miinuko ya baridi, iliyo zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, hadi katika bonde la Kilombero lenye joto na mbu wengi. Mteremko huo una maana kubwa katika elimu ya malaria.

Vimelea vya malaria vya aina ya Plasmodium falciparum haviwezi kukamilisha ukuaji wake ndani ya mbu ikiwa joto ni chini ya nyuzi 16 hivi za Sentigredi. Kwa sababu hiyo Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria haba nchini Tanzania. Hata hivyo, neema hiyo ina hasara yake. Mtu aliyekulia Njombe hana kinga ambayo mkazi wa Kilombero huipata kwa kuambukizwa mara kwa mara. Akiumwa na mbu huko bondeni, homa humshika siku kadhaa baadaye, akiwa amekwisha rejea nyumbani, na yaweza kugeuka kuwa kali upesi. Je, mgonjwa wa namna hii akinywa chai ya mmea wa Kichina uitwao qinghao, atapona?

Asili ya dawa

Mmea huo, ambao jina lake la kitaalamu ni Artemisia annua, umetumika China kutibu homa kwa karne nyingi. Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria. Mwezi Septemba mwaka huohuo Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi mapatano ya kujenga reli ambayo leo inapita Makambako.

Katika mradi huo mtaalamu Tu Youyou alichunguza maandishi ya kale ya tiba. Aliona kwamba tabibu Ge Hong, aliyeishi katika karne ya 4, aliagiza majani yaloweshwe katika maji na kukamuliwa; hakutaja kuyachemsha. Tu akatambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Mwaka 1971 alitumia etha, kiowevu kinachochemka katika nyuzi 35 tu, na utomvu alioupata uliua vimelea katika wanyama wa majaribio. Mwaka uliofuata kemikali yenyewe, artemisinini, ilipatikana ikiwa safi. Tu alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Molekuli ya artemisinini, C15H22O5, ina daraja la atomi mbili za oksijeni zilizoungana. Kimelea kinapokula hemoglobini ya damu huacha hemu, ambayo ndani yake mna chuma. Chuma hicho hulivunja daraja la oksijeni, na hapo huzaliwa chembe kali zinazoharibu protini za kimelea.

Kwa nini chai haitoshi

Kwanza, artemisinini huyeyuka kwa shida katika maji. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba lita moja ya chai, iliyotengenezwa kwa gramu 9 za majani, ilikuwa na miligramu 94.5 tu za artemisinini. Kipimo cha kawaida cha siku kilikuwa miligramu 500. Kwa hiyo mnywaji hupata chini ya moja ya tano ya kipimo.

Pili, kiasi cha dawa katika majani hubadilika kulingana na mbegu, udongo, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha. Jicho haliwezi kukipima.

Tatu, artemisinini hutoweka katika damu baada ya saa chache. Homa yaweza kushuka, mgonjwa akafurahi, kumbe vimelea vilivyosalia vinaongezeka tena. Ndiyo sababu dawa mseto iliyoanza kutumika Tanzania mwishoni mwa mwaka 2006 huunganisha artemetha, itokanayo na artemisinini, na lumefantrini, ambayo hukaa mwilini kwa siku nyingi.

Aidha, katika miinuko ya Afrika Mashariki huota pakanga ya kienyeji, Artemisia afra, ambayo ni jamaa wa mmea wa Kichina. Pakanga hii ni kichaka kinachoishi miaka mingi, na majani yake yana rangi ya kijivu. Ile ya Kichina huishi mwaka mmoja tu. Harufu zake zaweza kumdanganya mtu, lakini pakanga ya kienyeji karibu haina artemisinini kabisa.

Hatari kwa jamii

Kipimo pungufu huua vimelea dhaifu na kuviacha vile sugu vizaliane. Tanzania ilikwisha pata funzo hilo: klorokwini iliachwa mwaka 2001 kwa sababu ya usugu. Sasa uchunguzi uliofanywa mwaka 2021 katika Mkoa wa Kagera umeonyesha vimelea vyenye badiliko la jeni linaloambatana na usugu kwa artemisinini. Shirika la Afya Duniani limepinga matumizi ya majani ya Artemisia, yawe chai au unga, kwa kutibu au kuzuia malaria.

Hapana budi pia kukumbuka kwamba artemisinini huamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine. Mtu atumiaye dawa za kila siku, kama za kufubaza virusi vya UKIMWI, ampashe daktari habari kabla ya kunywa chai hiyo.

Hayo yote hayamaanishi kudharau tiba ya jadi. Dawa mseto yenyewe ni mtoto wake. Lakini kati ya jani na kidonge pana kazi ya kutenga, kupima na kujaribu, na kazi hiyo ndiyo inayoponya kwa hakika. Basi mkazi wa Njombe au Makambako apatwaye na homa baada ya safari ya bondeni asingoje birika lichemke. Aende zahanati siku hiyohiyo, aeleze alikotoka, apimwe damu, na akipewa dawa aimalize yote.