Hedhi ikikoma: Homoni ni dawa au balaa?

MPENZI msomaji, najua ukurasa huu huwa unaufungua kutafuta mambo ya mapenzi, mitindo na nani kaachana na nani. Wiki hii vumilia kidogo. Nataka tumzungumzie bi mkubwa, yaani mama yako mzazi.

Unamwona siku hizi? Wenzake wamejifunika shuka gubigubi, yeye anafungua dirisha. Katikati ya maongezi jasho linamtiririka kama katoka kutwanga, halafu dakika tano baadaye anatafuta khanga ajitande. Usiku halali, mchana anafoka kwa sababu ya kijiko kilichopotea. Na ninyi watoto mnakonyezana: "Maza siku hizi ana gubu!" Wengine wanafika mbali zaidi, eti karogwa.

Hajarogwa mtu. Kama ana umri wa kati ya miaka 45 na 55, huenda ni hedhi inakoma. Wataalamu wanahesabu kuwa imekoma mwanamke akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake. Kinachotokea ni kwamba vifuko vya mayai vinapunguza kutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Homoni hiyo kazi yake haikuwa uzazi tu. Ilikuwa inausaidia ubongo kupima joto la mwili, inalinda mifupa na inafanya ukeni kusiwe kukavu. Ikipungua, kote huko kunazuka kasheshe. Wapo wanaopita kipindi hiki kama hakuna kitu, na wapo wanaoteseka miaka saba na zaidi.

Dawa ipo. Mwanamke anarudishiwa estrojeni kidogo kwa kidonge, kwa plasta ya kubandika kwenye ngozi au kwa jeli ya kupaka. Kwa joto la ghafla na jasho la usiku, hakuna dawa iliyoipiku hii mpaka leo. Sasa mbona ukiitaja tu watu wanaruka na kusema "hiyo inaleta kansa"? Hapo ndipo penye stori yenyewe, na imeanzia Marekani.

MKOJO WA FARASI

Mwaka 1942 Marekani iliruhusu dawa inayoitwa Premarin. Ilitengenezwa kwa mkojo wa farasi jike wenye mimba. Usicheke, hata jina la dawa limetoka humo humo! Mwaka 1966 daktari mmoja wa New York, Robert Wilson, akatoa kitabu chake Feminine Forever, akiwaambia akina mama kwamba kwa estrojeni hawatazeeka kama bibi zao. Nani asiyetaka ujana? Dawa ikanunuliwa kama njugu.

Mwaka 1975 mambo yakageuka. Uchunguzi ulionyesha kuwa estrojeni ikitumika peke yake inaongeza kansa ya mfuko wa uzazi. Madaktari wakapata njia. Mwanamke ambaye bado ana mfuko wa uzazi apewe na homoni ya pili, projestini, inayoulinda mfuko huo. Aliyekwisha kutolewa kizazi atumie estrojeni tupu. Kanuni hiyo inafuatwa mpaka leo.

Kisha ikaja Julai 2002. Utafiti mkubwa wa Marekani, maarufu kwa kifupi chake WHI, ulikuwa unawafuatilia wanawake 16,608 waliogawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa homoni mbili, fungu la pili vidonge visivyo na dawa. Ulisimamishwa kabla ya muda wake. Habari zikatangazwa dunia nzima kwamba homoni zinaongeza kansa ya matiti kwa asilimia 26. Weee! Akina mama wengi waliacha dawa bila hata kumwona daktari.

HEBU TUPIGE HESABU

Asilimia 26 ni nyingi kweli? Ukichukua wanawake 10,000 wasiotumia homoni, kwa mwaka 30 walipata kansa ya matiti. Kati ya 10,000 waliotumia, walipata 38. Yaani wameongezeka wanane. Waliopata kiharusi waliongezeka wanane, walioziba mishipa ya mapafu kwa damu iliyoganda wanane, na wenye matatizo ya moyo saba. Upande wa pili, waliovunjika nyonga walipungua watano na wenye kansa ya utumbo mpana wakapungua sita.

Sisemi kwamba wanane si watu. Kama mmoja wao ni mama yako, kwako hiyo ni asilimia mia. Ila unaona tofauti ya kusema "asilimia 26" na kusema "wanane katika elfu kumi".

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawakuambiwa. Wanawake wale walikuwa na umri wa miaka 50 mpaka 79, na wastani wao ulikuwa miaka 63. Wengi hedhi ilikwisha kukoma zamani! Watafiti walipowatenganisha kwa umri, picha ikabadilika. Wa miaka 50 hadi 59, au ambao hedhi haijamaliza miaka 10 tangu ikome, walikuwa na hatari ndogo zaidi. Anayeanza akiwa na miaka 60 na kuendelea ndiye mwenye mzigo mkubwa wa kiharusi na moyo. Mwaka 2017 watafiti hao hao walitoa hesabu ya miaka 18: vifo kati ya waliopewa homoni na wasiopewa havikutofautiana.

Lakini usikimbilie kushangilia. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha hesabu za nchi nyingi. Wanawake 50 wakianza homoni mbili za kila siku wakiwa na miaka 50, wakazitumia miaka mitano, mmoja zaidi atapata kansa ya matiti kabla ya kufika 70. Kwa estrojeni tupu ni mmoja kati ya 200. Kwa hiyo muda una maana, na aina ya dawa ina maana. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuyaondoa maonyo makali ya moyo na kansa ya matiti kwenye pakiti, lakini onyo la kansa ya mfuko wa uzazi kwa estrojeni tupu likabaki. Hatari hazijayeyuka, ila zimeanza kupimwa kwa mizani iliyo sawa.

NANI ATUMIE, NANI AKAE PEMBENI

Mwenye umri chini ya miaka 60, joto linamnyima usingizi na afya yake ni nzuri, faida kwake kwa kawaida inazidi hatari. Aliyekoma hedhi mapema, kabla ya miaka 45, ndiye hasa wa kushauriwa atumie, kwani mifupa na moyo wake vimekosa ulinzi mapema mno.

Wa kukaa pembeni ni aliyewahi kuugua kansa ya matiti, aliyepata kiharusi, mshituko wa moyo au damu kuganda mishipani, na mwenye ini bovu. Tena mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu tena, asiseme "ujana umerudi". Aende hospitali haraka, kwani hiyo inaweza kuwa dalili ya kansa.

Anayesumbuliwa na ukavu wa ukeni peke yake hahitaji homoni ya mwili mzima. Ipo krimu ya dozi ndogo ya kuweka pale pale, na inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Na plasta ya ngozi inaonekana kuwa na hatari ndogo ya kugandisha damu kuliko kidonge cha kumeza.

Dada zangu, nawajua. Msije mkamgawia mama vidonge vyenu vya majira kwa kuwa "navyo ni homoni". Homoni yake ni kali zaidi, na mama mwenye presha unaweza kumletea kiharusi ukidhani unamsaidia.

Akienda kwa daktari, mwandikie kwenye karatasi maswali haya: Je, hali yangu inahitaji homoni? Ya aina gani, kidonge au plasta? Kwa kuwa kizazi ninacho, nitapewa na ya pili? Presha na matiti yangu yamepimwa? Tutakutana lini tena kuangalia kama niendelee?

Nanyi kaka zangu, msijifanye haya hayawahusu. Mama hatakuambia mwenyewe, kwani kwetu mambo haya yanasemwa kwa kunong'ona. Ukiona amefungua dirisha usiku wa manane, msogezee feni. Kesho yake mtafutie dada au shangazi wa kukaa naye, waende hospitali pamoja. Haya, tukutane wiki ijayo.