Jina la biashara yako limeandikwa kwa nani?

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea wa darasa la kompyuta tumeona tuandike juu ya jambo ambalo wengi wanaliona ni la matajiri, yaani biashara ndogo kuwa na jina lake lenyewe kwenye intaneti. Wenyewe wanaliita domeni. Ni yale maneno unayoandika ili ufike kwenye tovuti, yanayoishia na .com, .ke, .ug au .ss. Tunajua mtu atasema, kwani mimi na cherehani yangu moja domeni ya nini? Nina Facebook, nina WhatsApp, zinanitosha.

Zinatosha mpaka siku zinapofungwa. Januari 2025, baada ya video za kuuawa kwa Wasudani Kusini huko Wad Madani, Sudan, kusambaa na ghasia kutokea Juba, Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano iliamuru makampuni ya simu yafunge mitandao ya kijamii kuanzia usiku wa tarehe 22, kwa muda ambao ungeweza kufika siku 90. Hatuandiki kubishana na amri ile, watu walikuwa wamekufa. Siku chache baadaye ilifunguliwa. Lakini tuseme zingefika siku zote 90. Mtu wa Konyo Konyo au Custom ambaye wateja wake wote wako kwenye ukurasa wa Facebook, angekula nini? Wenzetu wa Uganda walifungiwa Facebook Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na miaka ikapita bila kufunguliwa.

Namba ya simu nayo ni hivyo hivyo. Machi 2018 serikali ilifunga kampuni ya simu ya Vivacell kwa ugomvi wa ada ya leseni. Aliyekuwa amechora namba ya Vivacell kwenye mlango wa duka alibaki na rangi tu. Na sisi watu wa kambi tunahama kuliko wengine. Ukiwa Kakuma namba yako inaanza na 254, ukija Juba ni 211, ukienda Arua ni 256. Kila mpaka unaovuka, wateja wanabaki nyuma na namba ya zamani.

Domeni haijui mpaka. Hapa watu huchanganya, kwa hiyo tueleze: domeni si tovuti. Domeni ni kibao chenye jina la duka, tovuti ni duka lenyewe. Unaweza kuwa na kibao kwanza, ukakielekeza kwenye ukurasa wako wa Facebook. Facebook ikifungwa, unakielekeza kwenye ukurasa mwingine, hata ule mdogo wa bure wenye bei na namba mpya tu. Mteja anaandika jina lile lile na anakupata.

Kuna na barua pepe. Mashirika ya Juba yananunua sare, viti, chakula cha mikutano, na mara nyingi yanataka bei kwa maandishi. Barua ikitoka kwenye anwani yenye jina la biashara yako, msomaji anaona kuna biashara kweli. Haitakupa kazi peke yake, sare lazima ishonwe vizuri.

Sasa jambo ambalo hasa limetufanya tuandike. Tuchukue mfano wa mama mshonaji. Kijana anayejua kompyuta anamwambia, mama, nipe pesa kidogo tu, nitakutengenezea kila kitu. Kweli anatengeneza, picha za sare zinapendeza. Lakini pale panapoulizwa mwenye jina ni nani, kijana anajaza jina lake, barua pepe yake na neno lake la siri. Miaka miwili wateja wamezoea. Halafu kijana anapata safari ya Canada, au wanakosana juu ya pesa. Mama akiiandikia kampuni iliyoandikisha jina, itamjibu nini? Kwenye karatasi zao yeye hayupo. Kijana si lazima awe mwizi. Wengi wanafanya hivyo kwa haraka, wakidhani wanamsaidia mama.

Na ubaya ni kwamba domeni hainunuliwi mara moja ikaisha. Inalipiwa kwa mwaka au miaka kadhaa, kwa .com mwisho ni miaka 10 kwa mara moja. Bei ya .com kwa kawaida ni kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka. Muda ukikaribia kwisha, onyo linatumwa kwenye ile barua pepe iliyoandikwa siku ya kwanza. Kama ni ya kijana aliyeko Canada, mama ataonea wapi? Likishafutwa kwa kutolipiwa, .com ina siku 30 za kukomboa kwa ada kubwa zaidi. Zikipita, jina linaachiwa, na mtu yeyote anaweza kulichukua, hata mshindani wako.

Wengi hapa hatuna kadi ya benki. Ndugu aliyeko Nairobi anaweza kukulipia kwa M-Pesa kwa makampuni ya Kenya, hakuna shida. Alipe yeye, lakini ajaze jina lako na barua pepe yako, na neno la siri ulijue wewe.

Vya bure mviogope. Kwa miaka kulikuwa na majina ya bure yaliyoishia na .tk, .ml, .ga na .cf, na vijana wengi Afrika waliyatumia. Mwaka 2023 Gabon ikachukua tena .ga yake na mamilioni ya majina yakafutwa. Hukulipa, basi huna pa kudai.

Mtu atauliza achague mwisho gani. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, lakini .ss iliingizwa kwenye orodha ya dunia mwaka 2019 tu, na inasimamiwa na mamlaka ile ile ya mawasiliano. Kwa mwenye duka la kudumu Juba, .ss ni heshima. Kwa sisi ambao hatujui mwaka kesho tutakuwa wapi, tunaona .com ni salama zaidi.

Anayetaka kujua kama jina lake bado liko wazi aje darasani Jumamosi baada ya masomo ya watoto. Kuangalia hakulipiwi. Njoo na majina matatu kwenye karatasi, maana la kwanza mara nyingi limeshachukuliwa. Na kama tayari una tovuti uliyotengenezewa na mtu, njoo na anwani yake. Tutajaribu kuangalia pamoja imeandikwa kwa nani, wakati huyo mtu bado anapatikana kwa simu.