Malaria: Kimelea kinachokula sukari ya mwanao

Mtoto akiugua malaria, wazazi wengi huangalia kwanza joto la mwili. Ipo hatari nyingine ambayo kumgusa paji la uso hakuionyeshi: sukari ya damu kushuka.

Chanzo kimoja ni namna kimelea cha malaria kinavyokula. Hapo kale, mababu wa kiumbe huyu wa seli moja, *Plasmodium*, walimeza mwani ambao ulibaki ndani yao. Mwani huo ulijitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama mimea. Kimelea kilipozoea kuishi ndani ya wanyama, ambako chakula ki tayari, uwezo huo ulipotea. Mabaki ya mwani yamo ndani yake hadi leo.

Sasa, kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu, hakina akiba ya sukari. Hutegemea ya mgonjwa, tena huivunja kwa njia inayotoa nguvu kidogo na kuacha asidi. Ndiyo maana chembe yenye kimelea hutumia sukari makumi ya mara zaidi ya chembe nzima. Mtoto mdogo, mwenye akiba ndogo mwilini, akitapika na kukataa kula huishiwa haraka. Hapo anaweza kulegea, kupata degedege au kupoteza fahamu. Asidi ikizidi, hupumua kwa shida.

Njia iliyobaki

Kimelea hakikupoteza kila kitu. Bado hujitengenezea foliki, ambayo binadamu huipata kwenye chakula. Dawa ya SP huziba njia hiyo. Mwaka 2001 Tanzania iliifanya SP dawa ya kwanza ya malaria, baada ya klorokwini kushindwa. Vimelea vikabadilika na kuistahimili, na mwaka 2006 ALu ikaanza kuchukua nafasi yake. Leo SP hutolewa kliniki kuwakinga wajawazito.

Mzazi afanye nini?

Maeneo ya juu ya Uluguru, kama Mgeta, yana baridi na malaria ni kidogo kuliko bondeni. Kwa hiyo watoto wa huko huwa na kinga ndogo. Wakishuka likizo Morogoro mjini au Kilosa, walale ndani ya chandarua, na homa ikianza wapimwe siku hiyo hiyo.

Mgonjwa aendelee kunyonya, kunywa uji na kula kidogo kidogo. ALu inyonywe vizuri na mwili kwa kuitumia pamoja na chakula au maziwa; dozi zote sita zimalizwe kwa siku tatu, hata kama homa imepoa.

Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, akipumua kwa shida au akipata degedege, awahishwe kituo cha afya usiku huo huo na apimwe sukari pia. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu, kwani anaweza kupaliwa.