Kuponda si Kusonga: Kitenzi na Upishi wa Viazi kwa Presha Kuka

Kwa miaka mingi resipe imefundishwa katika shule za upili nchini Kenya kama mojawapo ya tungo za kiuamilifu. Mwanafunzi hujifunza kwamba viambato hutangulia, hatua hufuata, na vitenzi huwa katika hali ya kuamuru. Jambo lisilotiliwa mkazo ni uteuzi wa kitenzi chenyewe. Katika resipe nyingi zilizotafsiriwa, karibu kila tendo la mwiko huitwa kukoroga, na msomaji huachiwa mkono wake ujiamulie. Makala haya yanaonyesha kwamba ulegevu huo una gharama yake jikoni. Mfano unaotumiwa ni viazi vya kupondwa vilivyopikwa kwa presha kuka, na mahali ni kaunti za Migori na Homa Bay, ambako wapishi wengi wamezoea tangu utotoni kusonga ugali. Mkono huohuo ukipelekwa kwenye viazi, ulaini uliotarajiwa hugeuka gundi.

Yafaa kuanza na kiazi, kwa kuwa jina lake linababaisha. Kinachokusudiwa hapa ni kiazi mviringo, au kiazi ulaya, kiitwacho mbatata pwani na waru katika masoko mengi ya bara. Asili yake si Ulaya bali milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mbatata nalo lina kioja chake: linarudi kwenye neno batata, ambalo wenyeji wa visiwa vya Karibi walikiita kiazi kitamu, kabla ya Wazungu kulihamishia kwa kiazi kingine. Katika Migori na Homa Bay kiazi cha nyumbani ni hicho kitamu, rabuon kwa Kidholuo, na eneo la Kabondo linafahamika sana kwa zao hilo. Kiazi mviringo huletwa kwa malori kutoka nyanda za juu kama vile Molo, Nyandarua na Narok. Aina inayoonekana zaidi sokoni ni Shangi, ambayo huiva upesi, na kwa sababu hiyo hupitiliza upesi vilevile.

Presha kuka ilitokana na chombo alichokibuni Mfaransa Denis Papin na kukionyesha jijini London mwaka 1679. Kanuni yake ni sahili. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ina uzito mdogo kuliko ile ya Mombasa, na maji ya mji wa Homa Bay huchemka yafikapo takriban nyuzi 96 za Selsiasi. Moto ukichochewa zaidi, maji hayo hayaongezeki joto. Hugeuka mvuke tu. Presha kuka huuzuia mvuke, shinikizo likapanda, na joto ndani likaweza kukaribia nyuzi 118. Ndiyo maana kinachohitaji nusu saa katika sufuria ya kawaida hukamilika kwa dakika chache, na makaa yakabaki.

Hata hivyo, shinikizo hilo si la kufanyiwa mzaha. Kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 20 husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 300. Resipe isemayo 'pika' kisha 'fungua' imeruka tendo ambalo likikosekana mtu huungua, yaani kutoa mvuke. Chombo huondolewa motoni kwanza. Mvuke hutolewa mpaka sauti ikome kabisa. Ndipo kifuniko hufunguliwa. Kikikataa, kisilazimishwe, kwa maana bado kimebanwa kutoka ndani. Maagizo ya vyombo hivi mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na mama asiyeisoma lugha hiyo ana haki ya kukiogopa chombo. (Si ajabu kwamba neno presha, katika mazungumzo ya kila siku, ni jina la maradhi pia.)

Kitenzi cha kwanza katika upishi wenyewe ni kutokosa, yaani kuchemsha viazi, mihogo au mahindi ndani ya maji. Kwa viazi vya kupondwa, tendo hili ndilo la kuepukwa. Kiazi kilichozama hunywa maji, na maji yaliyokwisha kunywewa huchukua nafasi ya maziwa. Afadhali mvuke. Kilo moja ya viazi humenywa, hukatwa vipande vya sentimita nne hivi vinavyolingana, na kusuuzwa ili wanga wa juu uondoke. Nusu lita ya maji hutiwa chini, viazi hupangwa juu ya kichanja cha chuma, na chumvi hunyunyizwa. Chombo kisijazwe kupita theluthi mbili. Mvuke ukianza kutoka kwa nguvu, moto hupunguzwa, na dakika saba zatosha. Mvuke hutolewa papo hapo, la sivyo viazi huendelea kuiva ndani ya joto lililobaki.

Kipimo cha kuiva kinapatikana katika kauli ya kutendeka. Kiazi kikipondeka kwa mgongo wa kijiko, kiko tayari. Kikivurugika kabla ya kuguswa, kimepita. Tofauti ya kupondeka na kuvurugika haihitaji saa wala kipimajoto. Kinachohitajika ni mwandishi wa resipe anayejua kwamba maneno haya mawili si visawe.

Maji ya chini yakishamwagwa, viazi hurudishwa motoni bila kifuniko kwa dakika moja ili vikauke, kisha kazi yenyewe huanza. Kusonga ni kukandamiza na kuzungusha kwa nguvu, mwiko ukiwa umebanwa dhidi ya sufuria, ili unga ushikamane na kuwa kitu kimoja. Ugali unalitaka tendo hilo. Kiazi hakilitaki. Ndani yake wanga umefungiwa katika seli, nao umekwisha kuvimba kwa joto. Seli zikipasuliwa kwa wingi, wanga humwagika na kunata. Kuponda ni kushindilia kutoka juu kwenda chini, kama mchi uendavyo kinuni, kisha kuinua na kushindilia pengine. Seli huachana bila kupasuka sana. Kupekecha, yaani kuuzungusha upekecho katikati ya viganja, kunafaa mboga na uji, lakini hapa huleta gundi ileile kwa njia ya haraka zaidi.

Siagi hutangulia, takriban gramu 80, ingali viazi ni moto, ili mafuta yauzingire wanga kabla maji ya maziwa hayajaufikia. Maziwa, robo tatu ya kikombe, hupashwa moto na kutiwa kidogo kidogo. Malai yaliyoenguliwa juu ya maziwa yaliyochemshwa yanafaa kuliko krimu ya dukani, na samli pia inakubalika, ingawa harufu yake hutawala. Hapa ndipo kukoroga kunaporuhusiwa, tena kwa upole na kwa muda mfupi.

Rabuon ya Kabondo hupikwa na kupondwa kwa njia hiyohiyo, nayo husamehe mkono mzito kwa kuwa sehemu ya wanga wake hugeuka sukari wakati wa kupikwa. Lakini kuna kinachopotea. Kimeng'enya kinachofanya mageuzi hayo hufanya kazi kiazi kinapopanda joto polepole, na hufa joto likipita nyuzi 80 hivi. Katika agulu, chungu cha udongo juu ya moto wa wastani, kupanda huko huchukua muda mrefu. Katika presha kuka ni dakika chache tu. Kwa hiyo wanaosema kwamba kiazi kitamu cha chungu ni kitamu zaidi hawasemi kwa mazoea tu. Atakaye utamu huo pamoja na wepesi wa presha kuka aviache viazi vizima na maganda yake juu ya moto mdogo kwa dakika 20 kabla ya kufunga kifuniko, huku akihakikisha kwamba maji ya chini hayajakauka.