Lori Kuukuu la Pamba: Namna Linavyofufuliwa Mkoani Mara

Lori kuukuu linalokutwa limetelekezwa kati ya Bunda, Butiama na Musoma huwa, kwa kawaida, ni lori la kazi. Msimu wa mavuno lilibeba pamba mbegu kutoka vituo vya ununuzi hadi kwenye jineri. Msimu ukiisha lilibeba mahindi, dagaa wa ziwani na watu waendao mnadani. Mengi ya malori hayo yalitoka Uingereza: Leyland, Albion, na hasa Bedford. Bedford ya pua ya aina ya TJ, iliyoingia sokoni mwaka 1958, ilipendwa kwa sababu fundi aliweza kufungua boneti na kuifikia injini bila kuvunja chochote.

Kabla ya kushika spana, yafaa kujua malori hayo yalisimama kwa nini. Mara inapakana na Kenya, na njia fupi ya spea ilikuwa kupitia mpakani Sirari. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa. Haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo vikaja Vita vya Kagera, bei ya mafuta ikapanda upya mwaka 1979, na fedha za kigeni zikaadimika. Lori lenye injini nzima liliweza kusimama kwa kukosa raba za breki tu. Likishasimama liligeuka ghala la spea: leo inang'olewa dinamo, kesho stata. Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, malori yaliyotumika ya Kijapani yakaanza kuingia, na la zamani likabaki pale pale. Kwa hiyo mengi ya malori haya hayakufa kwa uchakavu. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuamini kwamba yanafufuka.

Kazi ya kwanza ni ya karatasi. Namba iliyogongwa kwenye chesisi inasuguliwa kwa brashi ya waya, inasomwa, kisha inalinganishwa na kadi ya gari na kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato. Lori la ushirika lina historia ngumu zaidi, kwa kuwa vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mali nyingi zilibadili mikono kati ya hapo. Lori la marehemu ni la mirathi, na mwenye mamlaka ya kuliuza ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama limesimama uani kwa mtoto mkubwa. Fedha iliyotumika kwenye injini kabla ya jambo hili kumalizika inaweza kupotea yote.

Kisha chesisi. Ziwa Victoria ni la maji baridi, hivyo chuma cha Musoma hakiliwi na chumvi kama cha Tanga au Dar es Salaam. Hatari ya Mara iko chini, kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao masika huloa na kumeza magurudumu hadi ekseli. Lori lililozama hivyo hufunguliwa difu na vitovu vya magurudumu kwanza, maana maji hukaa humo miaka. Mbao za bodi huwa zimekwisha kuliwa na mchwa, na nyuki hupenda kukaa nyuma ya viti. Kibanda kikaguliwe kabla mtu hajaingiza mkono.

Injini ndiyo inayotaka subira. Iliyokaa miongo kadhaa mara nyingi imekwama: ringi za pistoni zimeshikana na kuta za silinda kwa kutu. Makosa mawili huharibu injini ambayo ingepona. La kwanza ni kuliburuta lori likiwa kwenye gia ili lizunguke kwa nguvu. Fimbo za pistoni hupinda au ringi hukatika. La pili ni kulazimisha stata, ambayo humeguka meno. Njia salama ni kumwaga oili ya zamani na kuangalia kama ina maji, kufungua nozeli au plagi, kumimina dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi katika kila silinda, na kuacha kwa siku kadhaa huku mchanganyiko ukiongezwa. Baadaye injini hujaribiwa kwa mkono, mbele na nyuma, kidogo kidogo. Isipokubali, silinda hedi hufunguliwa. Pampu ya dizeli haichezewi chini ya mwembe. Hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuipima. Tangi na mabomba ya mafuta husafishwa yote, la sivyo kutu itaziba pampu hiyo siku ya kwanza.

Nati na bolti za malori ya Kiingereza ni za inchi. Spana ya milimita inayokaribia kuenea hulainisha kona za nati, na kazi ya dakika mbili inageuka ya tindo. Spea zenyewe si adimu kama watu wanavyodhani. Beringi hugongwa namba za viwango vya kimataifa, na duka lolote la beringi Mwanza linaweza kuzisoma, sili hupimwa kwa kipenyo, bushi hukerezwa.

Breki hazina njia ya mkato. Masta silinda na silinda za magurudumu hufunguliwa zote, raba zote hubadilishwa, na mabomba yenye kutu hutupwa. Kuweka oili ya injini mahali pa mafuta ya breki, kama wanavyofanya wengine wakibanwa, huvimbisha raba na kuua breki njiani. Magurudumu yenye ringi ya kufungia tairi ni ya kuogopwa: upepo utolewe wote kabla ya kulegeza chochote, na wakati wa kujaza, gurudumu lifungwe mnyororo. Ringi ikiruka huua.

Rangi huja mwisho. Maandishi ya zamani mlangoni, jina la chama au la mwenye lori, yapigwe picha kabla ya kusuguliwa, na ikiwezekana yaachwe. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yanatunza magari ya viongozi. Lori lililobeba pamba ya mkulima linastahili heshima hiyo hiyo.

Lori lililokamilika hukaguliwa na mkaguzi wa magari wa polisi, hukatiwa bima, na likibeba mizigo kwa malipo huombewa leseni LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Mwenye lori la namna hii uani, kabla hajaliuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, asugue chesisi, aisome namba, na aitafute kadi yake.