UNENE NA UJAUZITO: SI KILA KUNAWIRI NI AFYA

Wadau, leo tuongelee kitu ambacho mtaani kinasemwa kwa kuzungukazunguka. Dada akiolewa, miezi sita baadaye akawa bonge, watu wanamsifia mumewe kwamba anamtunza. Akishika mimba akaongezeka tena, anaambiwa amenawiri, na mama mkwe anamjazia sahani maana "sasa mpo wawili". Akipungua je? Hapo maneno yanaanza, eti kakanyaga waya. Hofu ile ya miaka ya tisini bado haijatutoka, na kwa maoni yangu ndiyo inayofanya watu wasitake kusikia kwamba unene unaweza kuleta matatizo wakati wa uzazi.

Na wanene tunaongezeka. Kwenye utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2004/05, wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito walikuwa asilimia 18. Utafiti kama huo wa 2015/16 ukakuta asilimia 28. Yaani ndani ya miaka kumi na moja hivi, zaidi ya mmoja kati ya wanne.

Sasa bonge ni nani? Kwa daktari ni namba, siyo macho ya watu. Chukua uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu kwa mita, jibu ligawanye tena kwa urefu huo huo. Kompyuta iko mbele yako, kikokotoo kimo humo humo. Dada wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.58 anapata 32.8. Kuanzia 18.5 mpaka chini ya 25 ni kawaida, 25 mpaka chini ya 30 uzito umezidi, na 30 kwenda juu ndio unene uliokithiri, wenyewe wataalamu wa lishe wanauita kiribatumbo. Tumia uzito wa kabla ya mimba, au wa siku ya kwanza kliniki kama aliwahi kuanza. Uzito wa mwezi wa nane utakudanganya, humo kuna mtoto, maji na kondo.

Niseme mapema ili mtu asikimbie: akina mama wanene wengi wanajifungua salama kabisa. Tunachoongelea hapa ni uwezekano wa matatizo, ambao unapanda kadiri namba ile inavyopanda.

Tuanze na sukari, maana hapo ndipo kwenye shughuli nzito. Mimba yenyewe, hata kwa mwembamba, inafanya insulini ya mama isifanye kazi vizuri. Ni homoni za kondo la nyuma zinazofanya hivyo, ili sukari ibaki kwenye damu na mtoto apate chakula. Mama mnene mara nyingi insulini yake ilikuwa inasuasua tangu kabla, kwa hiyo mimba inakuja kuongeza mzigo juu ya mzigo, na hapo ndipo kisukari cha mimba kinapozaliwa. Sukari ya mama inapita kwenye kondo na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haipiti. Basi kongosho la mtoto linalazimika kutengeneza insulini yake nyingi ili kuishughulikia sukari hiyo, na insulini hiyo ndiyo inayomnenepesha, hasa mabegani na tumboni.

Mtoto anazaliwa kilo 4.5, ukoo mzima unashangilia. Kumbe siku ya kujifungua kichwa kinaweza kutoka halafu mabega yakakwama. Mkunga hapo ana dakika chache tu. Mtoto anaweza kukosa hewa, au mishipa ya fahamu ya bega ikavutika na mkono ukabaki umelegea. Halafu kitovu kikishakatwa, sukari ya mama inakoma ghafla lakini insulini ya mtoto bado imejaa, kwa hiyo sukari yake inashuka, anatetemeka au analegea na kushindwa kunyonya. Lile bonge la mtoto linaloonekana lina afya kuliko wote wodini linaweza kuwa ndilo la kuangaliwa zaidi. Anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, na apimwe sukari.

Mwaka 2012 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa takwimu za nchi 27 za Afrika kusini mwa Sahara. Ulionyesha kwamba uwezekano wa mtoto kufariki ndani ya siku 28 za mwanzo ulikuwa juu kwa karibu nusu pale mama alipokuwa na unene uliokithiri, na tofauti ilionekana zaidi kwenye siku za mwanzo kabisa baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu.

La pili ni presha, ambayo ikiachwa inaweza kufika kwenye kifafa cha mimba. Hapa kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Ule mkanda unaofungwa mkononi wakati wa kupima, ukiwa mdogo kwenye mkono mnene, unatoa presha ya juu kuliko ya kweli. Uliza kama upo mkubwa, ni haki yako. Ila usiusingizie mkanda kama kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu au vimulimuli, uso umevimba au panauma juu ya tumbo chini ya mbavu. Hizo ni dalili za kwenda hospitali usiku huo huo.

Mafuta ya tumboni nayo yanamficha mtoto. Nesi anayepapasa kwa mikono anaweza asijue kama mtoto ametanguliza kichwa au matako, na picha ya ultrasaundi haitoki safi. Uchungu wenyewe mara nyingi unakwenda taratibu na upasuaji unakuwa mwingi zaidi. Huko chumba cha upasuaji sindano ya ganzi ya mgongoni inasumbua kupata mahali pake, kidonda kinapata uambukizo kirahisi, na damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu kisha kipande kikasafiri hadi kwenye mapafu. Ndiyo maana wanakulazimisha utembee mapema hata kama unawachukia kwa muda huo. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua nako kunaongezeka.

Sasa ifanyike nini? Kujinyima chakula ukiwa mjamzito, hapana. Ila hiyo ya kula kwa wawili nayo ifutwe. Mwongozo wa Marekani wa 2009 unasema mama aliyeanza mimba na 30 kwenda juu aongezeke kilo 5 hadi 9 tu kwa mimba nzima, wakati mwenye uzito wa kawaida ni 11.5 hadi 16. Miezi mitatu ya mwanzo mwili hauhitaji nyongeza yoyote ya maana. Baada ya hapo nyongeza ni kama kalori 340 kwa siku, ambazo soda mbili na andazi moja zinazimaliza, hata zege hujaagiza. Kutembea nusu saa kila siku kunasaidia, kama daktari hajakukataza.

Anayepanga mimba amwone daktari kabla. Foliki asidi ianzwe mwezi mmoja kabla ya mimba na iendelee hadi wiki ya 12, maana uti wa mgongo wa mtoto unajiunda mapema, wengine hata hawajajua kama wana mimba. Kipimo cha sukari cha damu kiombwe wiki ya 24 hadi 28. Kile cha mkojo hakitoshi.

Kubwa kuliko yote ni pa kujifungulia. Zahanati ya jirani ina manesi wazuri, lakini haina chumba cha upasuaji wala damu. Mwenye namba kubwa apange mapema kujifungulia panapofanyika upasuaji saa 24. Na hapa nawageukia akina kaka mliojaa humu: nauli ya usiku na ndugu wawili watatu wa kuchangia damu ni kazi yenu, na ifanyike kabla uchungu haujaanza.

Baada ya hapo kliniki inageuka ya mtoto tu, mama anasahaulika. Aliyekuwa na kisukari cha mimba yuko hatarini kupata kisukari cha kudumu, kwa hiyo wiki ya sita mnapompeleka mtoto chanjo, mama naye aombe apimwe sukari na presha siku hiyo hiyo.